Beji za Wageni wa Usiku

Mtaani walimwita Popo, na jina lilimkaa kama kiatu cha kupimisha. Mtu ambaye watoto wakienda shule yeye ndiyo kwanza anajivutia shuka, na maduka yakifungwa yeye ndiyo kwanza ananawa uso, utamwita nani? Miaka ishirini na saba alililinda lile kasri kuukuu lililo juu ya mtaa, usiku hata usiku. Katika miaka hiyo yote alikuwa ameliona ndani kwa mwanga wa jua mara tatu tu: siku alipoajiriwa, siku alipokwenda kulalamikia buti zilizombana, na siku walipopangwa foleni uani kumuaga marehemu msimamizi wa zamani.

Hakuona kuwa ni hasara. Mchana wa kasri aliujua kwa takataka zake. Jioni akipokea zamu alikuta chupa za maji zimechomekwa kwenye vyungu vya maua, na chingamu zimebandikwa chini ya kiti cha enzi. Mara moja alikuta meno ya bandia kwenye dirisha la chumba cha malkia. Akayafunga kwenye gazeti, akayapeleka ofisini, na mwenyewe hakuja kuyadai.

"Mtu anatoka nchi ya tisa kuja kutazama kitanda alicholalia mtu mwingine," alimsimulia mkewe, "halafu anaondoka bila meno."

Mkewe alikuwa fundi cherehani, na ulimi wake ulikwenda kasi kuliko sindano. "Si alikuja kushangaa, mzee wangu? Mdomo ukibaki wazi saa nzima, meno yatangoja nini?"

Kazi yake Popo aliifanya kwa namna yake. Hakuwasha tochi. Tochi, alisema, humwonyesha mwizi pa kukwepea. Saa mbili usiku alivua buti, akavaa ndara laini alizoshonewa na mkewe kwa blanketi bovu, akaanza kuzunguka gizani. Ubao wa saba wa ngazi ulilia, wa tisa ulinung'unika, na ule wa mbele ya chumba cha malkia uliguna kama mtu aliyeamshwa kwa bahati mbaya. Alijua sauti zao zote, na alizikwepa zote, hivi kwamba ubao wowote uliolia usiku ulikuwa umelia kwa ajili ya mtu mwingine. Kwa njia hiyo alikuwa amewakamata wezi wanne, na paka wasiohesabika.

Usiku wa manane akimaliza mzunguko alikaa kwenye ua mdogo wa ndani, penye kisima kilichokauka, akaomba dua yake. Hakukuwa na gari, hakukuwa na redio, hata mende walikuwa wamepumzika. Wakubwa wa mji huu wana nyumba zenye vyumba kumi na viwili na hawana kona moja ya kumwambia Mungu jambo bila simu kulia. Popo, mlinzi wa lango, alikuwa na kasri zima. Hakumwambia mtu, maana utajiri wa namna hiyo ukiutangaza utauziwa tiketi.

Na ndivyo ilivyokuja kuwa.

Mkurugenzi mpya alikuwa amesomea mbali sana, akarudi na vyeti vingi na Kiswahili kidogo. Kila sentensi yake ilikuwa na neno "mkakati." Chai ililetwa kimkakati, vyoo viliziba kimkakati. Wafanyakazi wakambandika jina hilohilo, Mkakati, naye alipolisikia siku moja akadhani ni sifa.

Mkakati aligundua kwamba watalii wanawachukia watalii. Kila anayelipa kiingilio hukasirika kukuta na wenzake wamelipa. Wote wanataka picha ya ngazi isiyo na mtu, na wote wamejaa kwenye ngazi. Basi akabuni ziara ya usiku kwa watu wachache wenye uwezo, waje wafurahie kasri kwa utulivu, mbali na umati. Kwa hilo peke yake usingemlaumu. Lakini akalitafutia jina.

Alimwita Popo ofisini saa kumi na moja jioni, wiki moja kabla ya ziara ya kwanza. Mezani kulikuwa na rundo la beji zinazong'aa, kila moja na uzi wake wa kuvaa shingoni.

"Mzee, karibu. Nimekuita tushirikishane kimkakati. Ijumaa ijayo tunaanza ziara za usiku. Nimeajiri walinzi wa kampuni, wenye suti na redio za mkononi. Usiku huo ukienda vizuri, zamu ya usiku wanaichukua wao. Wewe utahamia maegesho ya mabasi. Mchana."

Popo alihisi kama aliyeambiwa ahame nchi. "Mchana, bosi?"

"Umri huo, mzee. Upate jua kidogo."

Macho ya Popo yalikuwa yameshuka kwenye zile beji. Akasoma mara moja, akasoma tena. MGENI WA USIKU.

"Bosi, niulize neno moja."

"Uliza hata kumi."

"Hizi beji watavaa nani?"

"Watalii wetu. Jina nimelibuni mwenyewe. Limekaaje?"

"Bosi, mgeni wa usiku ni mwizi."

Mkakati aliinua nyusi.

"Ndivyo watu wanavyosema," Popo akaendelea polepole. "Mtu akivunjiwa nyumba, asubuhi anawaambia majirani, jana nilitembelewa na wageni wa usiku. Ni kumstahi tu, asije akasikia anatajwa akarudi. Mtaa mzima wanasema hivyo. Na mtaa huu mwaka huu umevunjiwa sana."

Mkakati alicheka kicheko cha mwalimu aliyepata mwanafunzi mzito. "Mzee, mgeni ni nani?"

"Mgeni ni mgeni."

"Na usiku ni nini?"

"Usiku ni usiku."

"Sasa hapo mwizi ametokea wapi?"

Kweli, ukiyatenga yale maneno moja moja, mwizi humwoni. Lakini mwizi ndivyo alivyo.

Popo alipotoka alimkuta karani amefunika mdomo kwa faili, mabega yakimtikisika. Yeye ndiye aliyezichapa beji zote.

"Na wewe uliona, binti yangu, ukanyamaza?"

"Babu, bosi akisema kunguru ni mweupe, mimi natafuta chokaa."

Nyumbani mkewe alicheka mpaka akasimamisha cherehani. Alipomaliza kucheka akamtazama mumewe, akaona yeye hacheki.

"Sasa unasononeka nini? Mungu amekuletea dawa mlangoni. Usiku ule ukiharibika, unabaki na kazi yako. Kaa kimya wajikwae wenyewe."

"Nimeshamwambia mara moja."

"Basi umemaliza."

"Mara moja ni kunawa mikono tu, mke wangu. Lazima nimwambie tena."

"Utamwambia mpaka akununulie kipaza sauti?" Akauma uzi, akaukata. "Na mimi nisikilize. Miaka ishirini na saba nimelala peke yangu, kitanda kile nakijua kona zote nne. Leo uniletee mwanamume wa usiku nimweke wapi?"

Popo akatabasamu kidogo, lakini moyo ulikuwa mzito. Alichokuwa anaogopa si jua. Ni kuukosa ua ule wa kisima. Mchana ua ule ulikuwa na kibanda cha kuuza kofia.

Asubuhi ya Ijumaa aliacha usingizi wake, akaenda tena ofisini. Safari hii Mkakati hakucheka.

"Mzee, nakuelewa vizuri sana. Unataka mpango wangu ufe ili ubaki na usiku wako."

Neno lile lilimchoma Popo, na lilimchoma kwa sababu halikuwa uongo wote. Akasema, "Nimesikia, bosi," akarudi kulala. Usingizi ulimkataa. Asiyesikia la mkuu huvunjika guu, ndivyo wahenga wanavyotufunza, ila hawakusema mkuu mwenyewe akiwa haambiliki, livunjike guu la nani.

Usiku wa utulivu ulianza saa tatu, kwa mabasi mawili.

Watu kumi tu, ndivyo lilivyosema tangazo. Wakashuka sitini na watatu. Wote walikuwa wameukimbia umati, na wote walikuwa wameubeba kwapani. Kulikuwa na mama aliyejipulizia manukato mpaka popo halisi wa darini wakahama. Kulikuwa na bwana mwenye kamera tatu, ambaye alipiga picha lango, bawaba ya lango, na kivuli chake mwenyewe kwenye lango. Kila mmoja alinung'unika kwamba wenzake wanaingia kwenye picha yake. Taa zilikuwa zimezimwa makusudi, zikawekwa vitaa vya betri vinavyopepesa kama mishumaa, ili wajione wako enzi za mfalme. Mara simu sitini na tatu zikawashwa, na enzi za mfalme zikawa nyeupe pee kama chumba cha upasuaji.

Popo aliwekwa lango la mbele, na agizo moja: asionekane. Walinzi wa suti walizunguka ndani wakikanyaga kila ubao unaolia. Alisikia ngazi yake ikipiga kelele kutoka chini hadi juu, akafumba macho kama mtu anayesikia mtoto wake akifinywa.

Mkakati akapanda kwenye ukingo wa kisima kilekile kikavu, akashika kipaza sauti, akausifu ukimya kwa dakika arobaini. Kisha akawafundisha wageni wake neno. Wakipotea, wakiulizwa na mtu yeyote, waseme tu neno hili, na mtu huyo atajua wao ni watu wa heshima.

"Semeni nami! Mimi ni mgeni wa usiku!"

"Mi-mi ni mge-ni wa u-si-ku!" wakaitikia sitini na watatu, kwa furaha, mara tatu.

Kule chini mtaani madirisha mawili yakafunguliwa. Popo aliyasikia. Katika maisha yake hakuwahi kusikia wezi wakifanya mazoezi.

Baada ya hotuba Mkakati alikuja langoni akitafuta sigara mfukoni. "Nipe ufunguo wa mlango wa dobi. Nataka kuvuta hewa."

Mlango wa dobi ulikuwa nyuma, ule ambao zamani nguo chafu za wafalme zilitolewa ili wananchi wasione kwamba na wafalme hujichafua. Ulitokea uchochoroni, mkabala na tanuri la mikate.

"Ufunguo huu hapa, bosi. Ukirudi ufunge, maana mlango ule haujifungi wenyewe."

Mkakati akachukua, akaenda, akavuta sigara yake, simu ikamwita, akarudi ndani mbio akijibu simu. Mlango akauacha kama mdomo wa mtu aliyelala.

Sasa, katika wale sitini na watatu, mmoja alikuwa amekuja kweli kutafuta utulivu. Alikuwa mwalimu mstaafu wa kwao huko, mrefu, mwenye mvi, mpole kama maji ya mtungini. Alizunguka vyumba vyote akiutafuta ukimya aliolipia, na kila chumba alikuta watu kumi wanaambiana "shii!" Kwa adabu yake, alipoona mbao zinalia, alivua viatu akavishika mkononi. Akaufuata ubaridi wa hewa, akaukuta mlango wa dobi uko wazi, akatoka nje. Hebu mtazame: mtu mrefu, sweta jeusi, usiku wa kukaribia saa tano, ananyata peku kutoka mlango wa nyuma wa kasri, viatu mkononi.

Mwoka mikate ndiye aliyemtazama. Alikuwa mama wa kifua na sauti, mjane, hodari wa kazi, na mwezi uliopita alikuwa amebebewa mizani yake na mafuta madebe manne. Tangu hapo alichoma mikate kwa jicho moja tanurini na jicho moja uchochoroni. Mkononi alikuwa na beleshi lake la mti la kutolea mikate, refu kama kasia.

"Nani wewe?"

Mwalimu akafurahi. Hili alikuwa amefundishwa. Akainama kidogo, akasema kwa utaratibu, "Mimi ni mgeni wa usiku."

"Ati nani?"

Akadhani hakutamka vizuri. Akanyanyua beji karibu na mwanga wa tanuri ili mama asome. "Mgeni. Wa. Usiku." Na kwa kuwa mama bado alikuwa ameduwaa, akaongeza maneno aliyoyapata kwenye kijitabu chake cha safari: "Sisi wengi. Rafiki zangu ndani."

Beleshi likatua begani. Halikumvunja kitu, maana beleshi la mkate ni jepesi, lakini lilimsukuma moja kwa moja mpaka stoo ya unga, na komeo likaanguka nyuma yake.

"Weziii! Amekiri mwenyewe! Tena ana kitambulisho!"

Mtaa ulikuwa haujalala. Ule wimbo wa sitini na watatu ulikuwa umeshawatia wasiwasi. Wakatoka na fimbo, miti ya mifagio, mmoja na pasi ya umeme waya unaburuta. Habari ikatangulia mbele yao: wezi wamejaa kasri, wanavaa beji, wamefika kiwango cha kuvaa beji! Mpaka wanafika lango la mbele walikuwa mia na zaidi, na wote wanapiga kelele.

Popo alifunga lango, akasimama mbele yake. Wote walikuwa majirani zake. Wengine alikuwa amewabeba wakiwa wachanga. Lakini umati una macho mengine, na macho yale hakuyajua.

"Shemeji, tupishe!" mwoka mikate akamwambia. Alimwita shemeji kwa utani wa miaka. "Wewe umelala humo wamekuingilia! Mmoja ninaye stoo!"

"Sijalala, mama. Nisikilizeni."

Kabla hajaendelea Mkakati akatokea nyuma yake, shati limelowa jasho, kipaza sauti mkononi. Mtu mwingine yeyote angenyamaza. Yeye akakiwasha.

"Ndugu wananchi! Tulieni kimkakati! Hawa wote waliomo humu ni wageni wangu wa usiku!"

Ukimya ukaanguka, ule aliokuwa akiusifu jioni nzima.

"Ni wako?" mtu akauliza.

"Wangu, ndiyo! Nimewaalika mwenyewe! Na tutakuwa nao kila wiki!"

"Kumbe wewe ndiye mkubwa wao!"

Jiwe la kwanza likagonga chuma cha lango, ngaa! Mkakati akajikunja nyuma ya mgongo wa Popo, akamshika sweta kwa mikono miwili. "Mzee, fanya kitu. Mzee wangu, baba yangu."

Popo alisimama. Wakati ule ulikuwa mfupi kama kupepesa jicho, lakini yeye aliuona urefu wake wote. Usiku huu tayari ulikuwa umeharibika. Kazi yake ilikuwa imeokoka, hakuwa na haja ya kunyanyua kidole. Angesogea pembeni tu hatua moja, awaachie. Akawafikiria wale watu ndani, na kelele zao, na manukato yao, na ujinga wao, akaona kwamba hakuna hata mmoja aliyekosa kiasi cha kupigwa jiwe. Kuudhi si dhambi ya kuulia mtu.

Akamnyang'anya Mkakati kile kipaza sauti, akakizima, akasema kwa sauti yake ya kawaida, ile ya kuitishia kahawa.

"Ni watalii."

"Nini?"

"Watalii. Wamekuja kutazama kasri usiku kwa sababu mchana kuna watalii. Hilo neno kwenye beji bosi amelitoa kichwani. Hajui maana yake. Nilimwambia mara mbili, hakusikia."

Watu wakatazamana. Mwoka mikate akashusha beleshi.

"Hajui mgeni wa usiku ni nani? Mtu mzima na tai yake?"

"Hajui."

"Amesoma mpaka wapi?"

"Mbali sana, mama."

Basi hapo ndipo kilipoanzia kicheko. Kilianzia kwa mwoka mikate, tumboni, kikashuka mtaani nyumba hadi nyumba. Mwenye pasi akakaa chini kabisa. Ghorofani watalii walidhani ni sehemu ya onyesho, wakapiga makofi, na wengine wakapiga picha za wananchi wakiwa na silaha zao za jadi, yaani mifagio. Mkakati peke yake ndiye hakucheka. Alikuwa bado ameshika sweta.

Popo akaongozana na mwoka mikate hadi stoo. Walipofungua komeo walimkuta mwalimu amekaa juu ya gunia, mweupe kwa unga mpaka kope, mikono magotini. Popo akampa mkono kumwinua, akamwomba radhi. Mzee yule akanong'ona kwa Kiswahili chake cha kijitabu, "Hapa kimya. Nzuri sana." Aliomba akae dakika tano zaidi. Wakamwacha akae. Mwoka mikate akamletea mkate wa moto, na hakumtoza.

Jumatatu bodi ya kasri ilikaa. Nusu saa kabla, Mkakati alimwita Popo pembeni kwenye korido. Alikuwa na karatasi imechapwa tayari, na kalamu.

"Mzee, wewe ni mtu wa hekima. Bodi inataka kujua nani aliacha mlango wa dobi wazi. Hapa imeandikwa mstari mmoja tu: Mimi mlinzi wa zamu niliusahau. Utapewa onyo la mdomo, basi. Na mimi nakuahidi, zamu ya usiku ni yako mpaka ustaafu. Walinzi wa suti nawarudisha."

Popo akauliza, "Na nisiposaini?"

"Basi tutaendelea na ule mpango wa jua."

Popo alisoma mstari ule. Ulikuwa mfupi, na herufi zake nzuri, na kila neno ndani yake lilikuwa Kiswahili safi. Karani ndiye aliyeuchapa, na safari hii alikuwa amekaa mezani pake haangalii mtu. Popo akaufikiria ua wa ndani. Akafikiria angeingia humo usiku uleule, akakaa palepale penye kisima, akainua mikono, halafu angesema nini? Angeanza na habari gani? Kasri lote angekuwa nalo, na neno la kusema asingekuwa nalo.

Akamrudishia kalamu. "Mlango sikuuacha mimi, bosi."

Ndani, mwenyekiti wa bodi, mama mmoja mwenye miwani ya mnyororo, alimuuliza swali moja. Ufunguo alikuwa nao nani?

"Nilimpa mkurugenzi mkononi. Alitaka kuvuta sigara."

Wajumbe saba wakapatwa na kikohozi. Mmoja akamimina maji ambayo hakuyanywa. Mkakati alitazama dari, dari nzuri yenye nakshi, kana kwamba ndiyo kwanza anaiona. Mwenyekiti akamshukuru Popo kwa utumishi wake wa muda mrefu, akamwomba asubiri nje.

Walichoamua kilibandikwa ubaoni kesho yake, na yeyote aliyetaka alikisoma. Mlango wa dobi, kwa sababu ya uchakavu, ulijifungua wenyewe. Mlango uliostahimili vita viwili na mafuriko, ambao ukiusukuma kwa bega bado unabishana nawe, ulijifungua wenyewe Ijumaa ile. Mkurugenzi alipongezwa kwa ubunifu. Ziara za usiku zitaendelea, kwa jina litakalotafutwa na mtaalamu wa lugha. Na mlinzi mkongwe, kwa kujali afya yake, anapewa zamu ya mchana.

Mkewe aliposomewa hakufanya utani. Aliinuka, akakata kitambaa cheupe, akamshonea kofia pana ya jua usiku uleule, akishona polepole kuliko kawaida yake. "Ungesaini," alisema hatimaye, "ningekukuta kila asubuhi unanitazama kama mtu aliyeiba." Kisha akamvisha kofia, akamgeuza huku na huku, akasema imemkaa.

Sasa Popo yuko maegeshoni kuanzia saa mbili asubuhi. Usiku hulala vipande vipande. Saa nane huamka, husimama dirishani, na mkewe humwambia arudi kitandani, hakuna cha kulindwa humo ila cherehani na yeye, na cherehani ina kufuli. Huomba dua palepale, kati ya kitanda na kabati, mbwa wa jirani akibweka, na hajaona kama haifiki.

Mchana mabasi huja mengi. Watu hushuka, wakatazama umati langoni, wakaguna. Wiki iliyopita dereva mmoja wa basi, anayemfahamu tangu zamani, alikaa naye kivulini akila muwa wake, akamuuliza.

"Popo mchana! Walikutoa usiku kwa kosa gani?"

"Nilikataa kuandika."

"Kuandika nini?"

"Mstari mmoja."

Dereva alitikisa kichwa. "Mstari mmoja tu, mzee? Si ungeandika yaishe?"

Popo alimtazama, akaona kwamba ameuliza kwa dhati kabisa, wala hana ubaya. Akaona na basi lake limeziba njia.

"Sogeza gari lako, bwana," akamwambia. "Umezuia wenzako."